Ng'ombe Aliyenipa Jina

Wateja wakiniuliza nilianzaje kuuza nyasi, huwa nawaambia nilianza na maziwa, halafu najifanya nimeona kitu huko nje. Wengi wanaridhika. Mtu amekuja kutafuta nyasi za ng'ombe wake, ya maisha yangu yanamhusu nini? Lakini juzi mmoja alining'ang'ania. "Kutoka maziwa mpaka nyasi, mama, uliruka vipi?" Nikamfokea bila sababu, maskini wa Mungu, akaondoka na robota moja badala ya matatu aliyokuja kununua. Ndiyo nimeamua niandike haya, nisije nikamfukuza mwingine.

Tulihamia Kitengela katikati ya miaka ya tisini, wakati wenyeji wengi bado walipaita Noonkopir, na ukisimama kwenye barabara ya Namanga unaona nyumba upande huu na pundamilia upande ule. Mume wangu alikuwa ameandikwa kazi kiwandani, upande wa Athi River. Siku tuliyofunga mizigo kutoka kwao Nyandarua, mama mkwe alisimama mlangoni amekunja mikono, akasema neno moja tu: "Mtarudi." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekwambia ni saa ngapi. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua, na lile neno nililibeba kwenye lori pamoja na sufuria.

Hata miaka miwili haikuisha, kiwanda kikapunguza watu, na mume wangu akawa mmoja wa waliopunguzwa. Akasema tumrudie mama yake kwa muda, tupande viazi. Nikamwambia aende yeye. Mimi nitabaki na watoto wetu wawili na kibanda cha maziwa nilichokuwa nimeanza pale karibu na steji, na siku kibanda kitakapofungwa, ndiyo siku nitakayopanda gari la Nyandarua. Kwa hivyo ujue mapema: kila nililolifanya, nililifanya ili kile kibanda kisifungwe. Sisemi ni kisingizio. Nasema ndivyo ilivyokuwa.

Maziwa yangu yaliletwa na akina mama wa Kimaasai kutoka maboma ya ndani. Walikuja alfajiri kwa pikapu moja iliyokuwa ikizunguka kuwaokota, wengine na mitungi ya plastiki, wengine na vibuyu. Mmoja wao alitoka mbali kuliko wote, kupita Isinya, boma lililokuwa upande wa jua kuzama. Alikuwa wa rika langu, mrefu, ana pengo la meno mbele na ulimi mkali kama wangu. Tulianza kwa kugombana. Siku ya kwanza nilichomoa kile kipimo cha glasi nikakitumbukiza kwenye maziwa yake kuona kama yana maji.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Kipimo. Kinaniambia kama umenidanganya."

Akanyakua kibuyu chake mikononi mwangu, akanywa maziwa yote mbele yangu huku akinitazama, akajipangusa mdomo, akaenda zake. Nikabaki na kipimo. Kesho yake alirudi kana kwamba hakuna kilichotokea, akakisogeza kibuyu mbele yangu. "Leo pima," akasema. Nilipima, na hakukuwa na hata tone la maji. Tangu siku hiyo sikumpima tena, na yeye akawa ananitania kwamba sisi watu wa Nyandarua hata mama mzazi tungempima kabla hatujanyonya.

Nami nilikuwa namtania na nyasi zetu. Kila alipolalamika kwamba malisho ni machache, nilimwambia kule kwetu nyasi zinakufikia magotini, na ng'ombe wanakula wakiwa wamelala kwa uvivu. "Uongo," alisema. "Ungekuwa na nyasi hivyo, ungefuata nini huku kwa vumbi?" Tukacheka. Kitu hicho cha nyasi nilikisema mara nyingi mno.

Halafu ikaja ile mvua ya El Niño. Nani wa miaka yetu ameisahau? Udongo mweusi wa Kitengela uligeuka uji, pikapu ikakwama njiani, na maziwa yalipofika yalikuwa na siku mbili, yameganda. Nilikuwa na watu kumi wamepanga foleni wakitaka maziwa ya chai. Nikamwambia yule mwenye pengo amwage yote, nikamwambia na mengine ambayo siwezi kuyaandika. Yeye akafungua kibuyu tu, akamimina kikombe, akanishikisha. Vibuyu vyao wanavisugua ndani kwa kijinga cha mti wa mutamaiyo, na yale maziwa yalikuwa mazito, yana harufu ya moshi, matamu ajabu. Siku hiyo niliuza mala, maziwa ya mgando, na watu waliokuja kwa ajili ya chai walirudi jioni kwa ajili ya ugali. Mvua ilipokatika, kibanda changu kilikuwa kinajulikana kwa mala ya kibuyu kuliko maziwa mabichi. Nikatia mabati mapya. Nikajiona mjanja.

Katika mvua hiyo hiyo rafiki yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa akiwa kibandani kwangu, mto umejaa, gari hakuna. Nilimlaza kwenye kitanda changu, nikamwita mkunga jirani, na mtoto akazaliwa mchana kweupe, mvua ikipiga mabati mpaka hatukusikia kilio chake cha kwanza. Alikaa kwangu wiki tatu. Nilimpikia uji, nikamfulia, nikamfokea alipotaka kuinuka mapema. Sikuona kama ni jambo kubwa. Ningemfanyia mtu yeyote, na labda yeyote angenifanyia.

Barabara zilipokauka, mume wake alituma watu wanichukue. Nilikuta boma zima limekusanyika. Walinitolea mtamba mmoja, wa rangi ya kahawia, uso mweupe mtupu kama aliyeingiza kichwa kwenye unga. Wakaniweka mkono mgongoni mwake. Rafiki yangu akasema, "Kuanzia leo sikuiti mama wa maziwa. Nakuita Pakiteng. Na wewe uniite hivyo hivyo."

Ndiyo desturi yao. Mtu akikupa ng'ombe, ninyi wawili mnaacha majina yenu, mnaitana kwa zawadi ile mpaka kufa. Akikupa kondoo, jina ni lingine, mbuzi lingine. La ng'ombe ni Pakiteng. Nilifurahi, sitasema uongo. Nikauliza nitamfungia wapi kwenye ploti ya watu ya kukodisha, wakacheka mpaka wazee wakashika mbavu. Ng'ombe angebaki hapo hapo kundini, akiwa na alama yao sikioni, lakini ni wangu. Nikarudi Kitengela nikiwa na jina jipya na mali nisiyoiona. Moyoni, na hapa ndipo kosa lilipoanzia, mimi nilihesabu mali. Lile jina nilidhani ni adabu yao tu.

Mvua ile ilipoondoka haikurudi.

Mwanzoni hatukushtuka. Msimu mmoja kupita si habari Ukambani wala Maasaini. Lakini wa pili nao ukapita. Mawingu yalikuwa yanakuja mchana, meusi, yanasimama juu ya mbuga ya Kaputiei, watu wanatoa mitungi nje, halafu upepo unayasukuma kuelekea upande wa Magadi na hayadondoshi hata tone. Baada ya mara ya nne au ya tano, hakuna aliyetoa mtungi. Upepo ulibaki. Ulikuwa unaanza saa nne asubuhi na kuvuma mpaka jua linatua, umebeba vumbi jekundu la wapi sijui, na kila nilichofunika nilikikuta kina ukoko.

Korongo wenye vipara walianza kuja mjini. Zamani walikaa huko upande wa vichinjio. Sasa walitua kwenye paa la jirani yangu, watatu, kisha saba, wakasimama tu kutwa nzima bila kelele. Nilikuwa nawarushia mawe. Walikuwa wanahama hatua mbili na kusimama tena. Nilimwambia jirani yangu wale ndege wanatungoja, akaniambia niache mambo ya kishirikina, mimi ni mtu wa kanisa. Lakini naye nilimwona akiwatazama.

Kwenye seng'enge za ploti mpya, pundamilia walikuwa wanakufa wamesimama, wamejiegemeza kwenye waya waliposhindwa kupita. Ulikuwa unapita asubuhi unamwona amesimama, unarudi jioni bado amesimama, na ndipo unajua.

Maziwa yakapungua. Waliokuwa wakileta mitungi miwili walileta mmoja, kisha nusu, kisha wakaja mikono mitupu kukopa unga. Wanaume wakaondoka na ng'ombe kutafuta malisho, wengine mpaka Nairobi kwenyewe, wakilisha kando ya barabara kuu. Waliobaki mabomani ni wanawake, watoto, na ng'ombe wachache wa kukamua. Wangu alikuwa mmoja wa waliobaki. Rafiki yangu alipokuja mara ya mwisho alileta kibuyu kimoja kidogo. "Pakiteng," akasema, "sitarudi mpaka mvua. Njia ni ndefu na maziwa hayatoshi watoto." Nikamwuliza habari ya ng'ombe wangu. "Yule usiogope," akasema. "Yule hatakufa."

Kibanda kikabaki na sufuria zilizopinduliwa. Nilijaribu chai na mandazi, lakini maji ya kununua kwa mkokoteni wa punda yalikula faida yote. Nilijaribu mboga, zikakaukia mezani. Mwenye ploti akaanza kupita kila asubuhi, hataji kodi, anasalimia tu. Mume wangu akaandika barua kutoka Nyandarua. Ndani alikuwa ameandika kwamba viazi ni vizuri, nyasi ni nyingi hadi wanazikata na kuzifunga marobota, na mama anauliza tunarudi lini. Hakuuliza kama tunarudi. Aliuliza lini. Ngai! Niliisoma barua ile nikaitia jikoni, nikachemshia chai.

Lakini yale maneno ya nyasi hayakuungua. Nilikaa na kile kikombe nikifikiri: huku watu wangenunua nyasi kama dawa. Kule wanazikanyaga. Kilichokosekana ni kitu cha kulipia lori la kwanza, na mimi sikuwa na kitu duniani isipokuwa sufuria na ng'ombe mmoja wa uso mweupe.

Kulikuwa na broka mmoja wa mifugo aliyekuwa akinywa chai kwangu, mtu wa maneno matamu, viatu vyake haviishi vumbi. Alikuwa ananunua ng'ombe waliokonda na kuwapeleka soko la Kajiado. "Mama," akaniambia, "uza akiwa amesimama. Akishalala chini hainuki, na utabaki na ngozi. Mlete hapo lami ya Isinya siku ya soko, mimi nitakuwa na lori." Nikamwambia nitafikiria. Nilikuwa nimekwisha fikiria.

Nilienda asubuhi mapema, nikatembea kutoka lami. Sijawahi kuona nchi imenyamaza vile. Hakukuwa na kengele ya ng'ombe hata moja, wala mbwa. Nilikuta mizoga njiani, mingine imekauka ikawa ngozi juu ya mifupa, mingine mipya. Nilimwona fisi akivuka mbele yangu na jua liko juu, ameshiba, hata hakuniangalia. Nilijifunika leso puani nikaendelea.

Bomani, ng'ombe walikuwa wamelala kwenye kivuli cha ua wa miiba, mbavu zimetoka, wengine vichwa vimeanguka chini. Wangu alikuwa amesimama. Alikuwa amekonda, lakini manyoya yalikuwa yanang'aa kidogo, na aliponiona alipiga masikio. Nikajiambia, huyu ana damu nzuri, huyu atauzika. Ndivyo nilivyowaza, neno kwa neno. Sikujiuliza kwa nini wengine wote wamelala na huyu amesimama. Mimi ambaye nilipima maziwa ya watu kwa glasi, siku ile sikupima kitu.

Rafiki yangu akatoka ndani. Alikuwa amekwisha, shingo imekuwa nyembamba, lakini alicheka na lile pengo lake.

"Takwenya, Pakiteng!"

"Iko," nikaitikia. Tukasalimiana habari za watoto. Yule aliyezaliwa kwangu alikuwa anatembea sasa, ameshika shuka ya mama yake. Nilikuwa nimewaletea unga paketi mbili. Nikamkabidhi, na kabla sijapoa nikasema, "Nimekuja kumchukua ng'ombe."

Akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi, kisha uso wake ukafunguka wote.

"Unampeleka kwenu? Kwa zile nyasi?"

Haki ya Mungu, sikuwa nimepanga kusema uongo. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari, kwamba hali ni ngumu, kwamba yeye mwenyewe ni mama ataelewa. Lakini alikuwa ameshaanza kufurahi, na mimi nilikuwa na lori linalonisubiri.

"Ndio," nikasema. "Kwa zile nyasi."

"Kumbe haikuwa uongo!" Akapiga makofi. Akaita wanawake wengine wa boma, akawaeleza kwa Kimaasai, nao wakanishukuru, wakasema ashe, ashe, wakanishika mikono. Akaingia ndani akatoka na gunia, lina maganda ya mgunga, yale wanayookota chini ya miti kulisha mifugo wakati wa shida. Halikuwa limejaa, lakini siku zile kupata hata nusu gunia ni kutembea kutwa. "Ya njiani," akasema. "Safari ni ndefu, asifike na njaa." Akanisindikiza mpaka lami, mwendo wa saa mbili, yeye mbele akimwita ng'ombe kwa sauti ya chini, ng'ombe akimfuata bila kamba. Mimi nilikuwa nyuma na lile gunia kichwani.

Lori la broka lilikuwa linangoja. Rafiki yangu hakujua kusoma maandishi ya lori, na hata angejua, lingemwambia nini? Lori ni lori. Alimshika ng'ombe usoni, pale peupe, akamwambia maneno ambayo sikuyaelewa. Kisha akaniambia, "Mvua ikija mrudishe, nimwone." Tukaondoka. Nilimwona kwenye kioo amesimama kando ya barabara ameinua mkono, na lori lilikuwa linaelekea Kajiado, wakati njia ya Nyandarua ni upande wa pili kabisa. Sijui kama alijua.

Sokoni sikukaa sana. Watu walikuwa wengi, wote wanauza, wachache wananunua, na ng'ombe wanaanguka wakiwa kwenye foleni. Wangu alinunuliwa kwa haraka kwa sababu alikuwa amesimama. Broka akanipongeza. Yale maganda niliyamwaga mbele ya ng'ombe yeyote aliyekuwa karibu, nikakunja gunia nikalitia kapuni, maana gunia ni gunia.

Wiki hiyo hiyo nikakodi lori. Lilipanda Nyandarua tupu na kushuka na nyasi, marobota mpaka juu, mume wangu amekaa kando ya dereva. Sikuhitaji kutangaza. Watu waliinusa ile harufu kutoka barabarani wakaja mbio, wenye ng'ombe wa maziwa wa mjini, wenye mashamba, hata wazee kutoka maboma ya mbali. Lori la pili likaja, la tatu, la nne. Kibanda kikawa stoo. Mume wangu hakurudi kwa mama yake tena, na mama mkwe mwenyewe akawa ananiuzia nyasi za shamba lake. Lile neno "mtarudi" sikulisikia tena. Nilikuwa nimeshinda.

Nataka hapa nikae kidogo, kwa sababu ndipo panaponiuma. Lori la kwanza lilipanda Nyandarua tupu. Tupu! Lilikuwa na nafasi ya ng'ombe kumi. Kama ningekopa, kama ningeuza sufuria na kitanda, kama ningembembeleza dereva nimlipe akirudi, ng'ombe yule angepanda, na ule uongo wangu ungekuwa kweli. Sikuliwaza mpaka lori la tatu. Nilikuwa nimesimama nahesabu marobota nikalitazama likigeuka, mlango wa nyuma ukigonga gonga, na hesabu ikanipotea.

Na kuna kingine, nikiseme kabisa. Nilianza kulitazama anga kwa namna nyingine. Mawingu yakija, watu wote wa Kitengela wanainua macho wanaomba, na mimi nageuka kutazama stoo, yenye marobota mia ndani. Kanisani tulifunga kuombea mvua. Niliimba na wenzangu, mikono juu, na ndani yangu nilikuwa nasema, bado kidogo. Wale korongo walihama paa la jirani wakaja kutua kwenye langu. Sikuwarushia mawe tena.

Mvua ikaja hata hivyo. Nilingoja rafiki yangu arudi na kibuyu, hakuja. Wengine walirudi, na nilipowauliza habari zake walijibu kwa ufupi, ati yuko, ni mzima. Nikajua nikiendelea kukaa, hofu itanimaliza. Nikaenda sokoni Kajiado, nikazunguka masoko mawili zaidi, mpaka nikapata ng'ombe wa kahawia mwenye uso mweupe, mchanga, ana mimba. Unaona akili yangu? Nilidhani nitamrudisha nimwambie huyu hapa, amenenepa Nyandarua, na mambo yaishe.

Nilimfikisha bomani majani yakiwa mabichi. Nilipita ua nikaona kundi lililobaki, ng'ombe wanne. Zamani walikuwa hawahesabiki. Rafiki yangu alikuwa ameketi nje anasugua kibuyu. Aliinuka, akaja, akamzunguka yule ng'ombe taratibu. Akamshika sikio, akalipindua, akaliachia. Sikio lilikuwa zima, halina alama yao.

"Ni mzuri," akasema.

Nikafungua mdomo. Akaendelea kabla sijapata neno. "Shemeji yangu alikuwa sokoni siku ile, anauza wake. Alirudi jioni akaniambia. Nilimwambia hapana, umeona mwingine, wa Pakiteng yuko kwa nyasi." Alisema bila kupaza sauti. Afadhali angenifokea, mimi kufokewa nakujua, najua nikujibu vipi. "Yule wako nilimlisha kwanza. Kila asubuhi, kabla ya wangu. Yale maganda nilipeleka kwake. Wangu walikuwa wanatazama."

Nililia. Nikamwambia kila kitu, kibanda, mama mkwe, barua, lori. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa mahali pa kutikisa, akaenda kuongea na mume wake. Waliporudi, mzee ndiye aliyeuliza.

"Huyu ulinunua bei gani?"

"Si wa kuuza, baba. Nimewaletea. Ni wenu."

"Bei gani?" akauliza tena, kwa upole kabisa. Nikaelewa. Wangempokea kama zawadi, lile jina lingesimama tena, na hawakutaka lisimame. Walitaka kumnunua, awe ng'ombe wa sokoni, asiwe na deni wala jina. Nikataja nusu ya bei. Mzee akatabasamu akasema nitaje ile ya kweli, naye atailipa kwa maziwa.

Kwa hivyo rafiki yangu alirudi kibandani kwangu. Kila alfajiri, mwaka mzima na zaidi kidogo, alishuka kwenye ile pikapu na mtungi wa plastiki. Hakuleta kibuyu. Aliweka mtungi mezani, akatoa kile kipimo cha glasi mwenyewe pale nilipokitundika ukutani, akakitumbukiza, akanionyesha. Nilikuwa namwambia haina haja. "Pima, mama," alikuwa anasema, na anangoja mpaka nitazame. Tuliongea habari za watoto na za mvua. Alikuwa na adabu kamili. Kwa macho ya mtu mwingine tungeonekana marafiki.

Siku ya mwisho ya lile deni aliijua kabla yangu. Aliweka mtungi, akapima, akafunika, akajifunga shuka vizuri. "Leo imetosha," akasema. "Asante, mama." Akatoka. Pikapu ilikuwa ng'ambo ya barabara, imewashwa, wenzake wameshapanda. Upepo wa asubuhi ulikuwa umeanza, ule ule wenye vumbi, na nikajua kwamba akipanda sitamwona tena.

Nikatoka nje, leso mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya lami nikalipaza lile jina. "Pakiteng!"

Alisimama. Akageuka, lakini hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yake, kule barabarani, kushoto na kulia, kama mtu anayetaka kujua ni nani anayeitwa.

Hakukuwa na mtu mwingine pale. Akavuka barabara, akapanda pikapu.